Namba ya kwenye boksi

Wadau, ukinunua SSD siku hizi kitu cha kwanza unachokiona kwenye boksi ni namba kubwa: megabaiti 550 kwa sekunde. Muuzaji naye ataitaja hiyo hiyo. Namba hiyo si uongo, ila inajibu swali ambalo wengi wetu hatujauliza.

Naandika haya kutoka Maposeni, si mbali na Peramiho, mkoani Ruvuma. Nimekuwa huku wiki kadhaa nikirekodi wazee. Mengi wanayosimulia ni ya Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, na wazee hawa waliyasikia hayo kutoka kwa wazazi na mababu zao. Hawajabaki wengi. Nina zaidi ya saa 60 za sauti, Kiswahili na Kingoni vikichanganyika. Zote ziko kwenye laptopu ya mwaka 2010, na diski yake imeanza kugonga: ka, ka, ka. Anayezijua diski anajua mlio huo unamaanisha nini.

Basi nikanunua SSD ya gigabaiti 480 Songea mjini. Fundi akatoa mashine ya kusomea CD, akaipachika SSD mahali pake, ikawa laptopu ina diski mbili. Lakini nilijiwekea sharti: haipewi sauti ya mtu yeyote mpaka ipimwe.

Kipimo cha kwanza ni kasi. Nilitumia CrystalDiskMark, programu ya bure. Programu hii inapima mambo mawili tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. La kwanza ni faili moja kubwa linalosomwa mfululizo. Hilo ni kama lori la mahindi linalotoka Songea kwenda Dar: mzigo mmoja, barabara moja. La pili ni vipande vidogo vidogo vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika. Hiyo ni bodaboda inayopeleka sado moja moja nyumba hii na ile. Namba ya kwenye boksi ni ya lori. Kompyuta inapowaka, au unapofungua programu, kazi kubwa ni ya bodaboda.

Diski yangu ya zamani ilipata 78 kwenye lori na 0.4 kwenye bodaboda. Usishangae. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila kipande kinapotakiwa lazima isubiriwe sahani ifike chini ya kichwa cha kusomea. Wastani wa kusubiri huko ni milisekunde 5.6, na hapo hujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu tupu zinazohifadhi chaji za umeme.

SSD ilipata 265 kwenye lori na 19 kwenye bodaboda. Utauliza, zile 550 ziko wapi? Laptopu yangu inatumia SATA ya kizazi cha pili, ambayo mwisho wake ni megabaiti 300 kwa sekunde. Lori lina nguvu, barabara ndiyo nyembamba. Lakini kutoka 0.4 hadi 19 ni karibu mara 50, na hiyo ndiyo tofauti niliyoihisi. Zamani nilikuwa nawasha mashine kisha naenda kuchemsha chai.

Kipimo cha pili kwangu ni kikubwa kuliko cha kwanza: je, diski ina ukubwa inaoutaja? Nilitumia H2testw, programu ya Kijerumani ambayo inajaza diski yote halafu inasoma kila ilichoandika kuhakikisha hakijabadilika. Ilichukua saa mbili na ushei, usiku, nikiomba umeme usikatike. (Huku tumeunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo Songea ilitegemea mitambo ya dizeli.) SSD ilifaulu. Ila baada ya gigabaiti 40 hivi, kasi ya kuandika ilishuka kutoka 240 hadi 80. SSD nyingi za bei nafuu ziko hivyo: zinaandika haraka kwenye sehemu ndogo, ikijaa zinapunguza mwendo. Kipimo kifupi cha gigabaiti 1 hakiwezi kukuonyesha hilo.

Rafiki yangu mwalimu aliposikia, akaniletea diski yake ya nje iliyoandikwa terabaiti 2, aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Nikaiambia programu iandike gigabaiti 100 tu. Gigabaiti 58 za kwanza zilirudi salama. Zilizobaki zilikuwa takataka, ingawa Windows ilionyesha kila faili lipo, na jina lake, na ukubwa wake. Alikuwa amepanga kuweka humo picha za harusi yake.

Lipo jambo moja ambalo hakuna kati ya vipimo hivi kinachoweza kulijibu. Mzee mmoja, nilipomwonyesha ile SSD, aliigeuza geuza mkononi akaniuliza: "Mjukuu wangu, hiki kitakaa na maneno yetu miaka mingapi?" Chaji za umeme huvuja taratibu. Kiwango cha JEDEC kinaitaka SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa uhai wake wa kuandikwa itunze data mwaka 1 bila umeme, kwenye joto la nyuzi 30. Ikiwa bado mpya hudumu zaidi, lakini si kitu cha kufungia sandukuni ukasahau.

Nikamjibu, "Babu, hiki cha kufanyia kazi tu. Cha kutunza lazima viwe zaidi ya kimoja."

Kwa hiyo SSD inabaki kwenye laptopu, nasikiliza na kuandika bila kungoja. Nakala ya pili iko kwenye diski mpya ya kawaida, Songea mjini. Nakala ya tatu naigawa kwa familia zenyewe, kila nyumba sauti ya mzee wao. Wawili kati yao wameshafariki tangu nianze kazi hii, na nyumba zao ndizo ninazoanza nazo Jumamosi.