Ngoma Iliyogoma

Sisi wenye magari makuukuu tunayo tabia moja. Injini tunaisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa, bodi tunaipaka rangi, viti tunavishonea vitambaa vipya. Lakini breki za nyuma hatuzikumbuki mpaka zilie. Zimefichwa ndani ya ngoma ya chuma, ambayo mafundi huiita dramu, na ngoma isiyofunguliwa kwa miaka mingi hugoma kutoka. Hapo ndipo mwenye gari hujifariji: "Si linasimama? Tuliache."

Faraja hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Gari letu ni Toyota Corolla ya miaka ya tisini. Mwaka 2022 lilikaa nje masika yote, kwa kuwa fedha za matengenezo zilikwenda kwenye ada za shule. Lilipoanza kutembea tena, gurudumu la nyuma la kushoto lilikwaruza, na mafuta ya breki yakawa yanapungua kila siku katika chupa yake. Jumamosi ile tulikuwa tumrudishe mama mzazi Morogoro, pamoja na watoto watatu. Kijana mmoja wa gereji alipiga ngoma nyundo mara kadhaa, akakata tamaa, akatushauri twende hivyo hivyo kwani breki za mbele zinatosha.

Nilimwendea jirani yetu, fundi mstaafu. Alilitazama gurudumu, kisha akasema, "Mwanangu, ngoma haina ubishi. Kuna kitu kinaishika. Kitafute hicho kwanza, nyundo baadaye."

Vitu viishikavyo ni viwili. Cha kwanza ni kutu katikati, pale ngoma inapovaa kwenye habu. Na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huilea kutu hiyo vizuri. Cha pili ni shuu za breki, vile vipande viwili vya nusu mwezi vinavyopanuka na kuibana ngoma kwa ndani. Kadiri miaka inavyopita, shuu huila ngoma na kuacha ukingo pembeni. Ukivuta, ukingo huo hukwama kwenye shuu.

Mzee aliagiza gari lisimame mahali pa usawa, katika gia ya kwanza, mawe yakiyazuia magurudumu ya mbele. Breki ya mkono ikateremshwa, la sivyo shuu zingeendelea kubana. Gari likainuliwa kwa jeki, kisha likaketishwa juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki peke yake haiaminiki.

Usoni mwa ngoma ya Corolla mna matundu mawili yaliyokatwa nyuzi za boliti. Wengi hawajui kazi yake. Mzee alitia humo boliti mbili za milimita 8, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Boliti ziliisukuma habu, na ngoma ikaanza kuachana na kutu. Nyundo aliitumia kwa kugonga kidogo usoni, kamwe si ukingoni, maana chuma cha kalibu hupasuka.

Ngoma ilisogea kidogo, ikakwama tena. Mzee akaenda upande wa nyuma, akatoa kizibo cha mpira, akaingiza bisibisi mbili: moja ikizuia kiwiko cha kurekebishia, nyingine ikizungusha kigurudumu chenye meno mpaka shuu zikarudi ndani. Ngoma ikatoka.

Ndani mlikuwa mmelowa. Mpira wa silinda ndogo ya breki ulikuwa umechoka, na mafuta yalikuwa yakivuja juu ya shuu. Shuu iliyolowa mafuta haishiki. Mzee hakusema neno, alinionyesha tu. Jumamosi ile mama alipanda basi.

Tulibadili silinda, tukaweka shuu mpya pande zote mbili ili breki zishike sawasawa, tukatoa hewa kwenye mabomba. Ngoma yenyewe ilipimwa, kwani kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimechorwa juu yake.

Neno moja kwa wenye watoto. Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na watoto wakae mbali.

Kabla ya kuirudisha ngoma, sugua kutu ya kwenye habu kwa msasa na upake grisi nyembamba sana, isifike kwenye shuu. Safari nyingine itatoka kwa mikono. Na fundi akikuambia kwamba ngoma imegoma na breki za mbele zinatosha, mwulize kwa upole: ni kitu gani kinachoishika? Asiyeweza kukujibu, usimwachie gari litakalobeba wanao.