Kokoto Ndani ya Pampu

Mnaoishi huku Ghuba mnajua maji ya bomba yanavyounguza mchana wa Julai. Sisi wahandisi wawili tuliaibishwa na maji hayo hayo.

Mwaka 2001 tulikuwa zamu katika kituo kimoja cha pampu nje ya Maskati. Kila ikifika saa nane mchana, pampu moja ilinguruma kama iliyomeza kokoto. Tulipoifungua tukakuta impela imetobokatoboka kama sifongo. Mchanga huo, tukasema. Chujio lilikuwa kazi ya ami mmoja wa Kizanzibari, mzee wetu. Tukaandika ripoti, akakatwa mshahara wa siku tatu.

"Wanangu," alituambia, "mchanga haujui saa. Mbona alfajiri kimya?"

Sisi na shahada zetu za Uingereza tulitabasamu tu.

Na jibu tulilisoma darasani! Maji huchemka kwa joto, lakini huchemka pia kwa kukosa presha. Yanapoingia kwenye impela huenda mbio na presha yake hushuka. Ikishuka mno, maji hugeuka mapovu ya mvuke. Hiyo ndiyo kavitesheni. Mapovu hayo hayafiki mbali. Yakisukumwa mbele kidogo hukutana na presha kubwa, mvuke hurudi kuwa maji, na maji ya pembeni hukimbilia kuziba tundu. Povu likiwa karibu na chuma hubonyea upande mmoja, na mchirizi mwembamba wa maji hulipenya na kukipiga chuma kama sindano. Ni pigo dogo, ila hurudiwa mara nyingi mno. Lord Rayleigh alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1917, rafadha za meli zilipokuwa zikiliwa namna hiyo hiyo. Mchanga hukwangua chuma, mapovu hukidonoa. Tofauti hiyo tulikuwa nayo mikononi, hatukuitazama.

Hewa ya usawa wa bahari huweza kuyapandisha maji kama mita 10 hivi. Maji ya nyuzi 20 hukata humo robo mita tu kwa ajili ya mvuke wake. Ya nyuzi 45 hukata karibu mita nzima. Yetu yalipita kwenye bomba lililolazwa juu ya ardhi, juani, na mchana, watu wakitumia sana, tangi lililokuwa chini ya pampu lilishuka. Alfajiri maji yamepoa na tangi limejaa. Ami alikuwa ametupa kipimo chote, bila geji.

Tukaweka bomba pana zaidi la kuvutia maji, tukakataza tangi kushuka chini ya alama. Kelele ikakoma.

Tukaandika ripoti ya pili, lakini ofisi haikurudisha pesa. Tulimpelekea kutoka mifukoni mwetu, akakataa. Akaomba ile impela mbovu, akaiweka mlangoni pa chumba cha pampu kuzuia mlango usijifunge. Ilikuwa bado pale tulipohama.