Ughaibuni Wanajicheka, Nyumbani Tunawacheka

Huku Uingereza, mtu mwenye ADHD, ile hali ya kutotulia na kusahausahau, anakuwahi: anajicheka mwenyewe kabla hujamcheka. Fungua TikTok jioni yoyote, utamkuta mmoja mwenye miadi ya daktari saa tisa alasiri. Tangu asubuhi yuko kwenye kochi, viatu mguuni. Hafui, hapiki, anasubiri saa tisa. Chini wenzake wamejazana: "Huyu ni mimi kabisa!" Mchoraji wa Marekani, Dani Donovan, alijulikana kwa mchoro wa namna wenye ADHD wanavyosimulia kisa: utangulizi mrefu, kisa ndani ya kisa, "nilikuwa nasema nini vile?", na mwisho kuomba radhi kwa kuongea sana.

Nyumbani Tanzania vituko hivyo vipo tele, ila msimulizi ni mwingine. Mtoto anayesahau daftari kila siku na kudakia jibu kabla swali halijaisha hubatizwa darasani: Mapepe, Kichwa Maji. Akiitwa ubaoni, wenzake wanaanza kucheka hata hajashika chaki. Mzazi anaona ni utundu, bibi anataka asomewe dua. Ni wachache watakaosema kwamba hii ni hali ya ubongo, na mara nyingi hurithiwa.

Si kwamba hatujui mzaha wenye heshima. Mchaga na Mpare hutaniana hata msibani bila mtu kununa, kwa sababu utani una sharti lake: anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Mapepe hana haki hiyo. Akijibu, ameongeza kosa la utovu wa adabu. Kwa hiyo vichekesho vya huku, pamoja na ugeni wake, viko karibu zaidi na utani wetu kuliko kile kicheko cha darasani.

Vina kasoro pia. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walipitia video 100 za TikTok zilizopendwa sana kuhusu ADHD, wakakuta takriban nusu zinapotosha. Kusahau funguo ni kwa kila mtu. Kinachompeleka mtu kwa daktari ni pale hali hiyo inapomwandama tangu utotoni na kumvurugia kazi na nyumba. Kichekesho hakipimi ugonjwa.

Lakini kinampa mtu zamu ya kusema. Akina Mapepe wa miaka ile sasa ni watu wazima, wana simu na bando. Wakianza kujisimulia wenyewe, kwa Kiswahili chao, huenda mwalimu mmoja atakayecheka jioni akamtazama kwa jicho jingine yule asiyetulia dawati la nyuma.