Tusafiri Pamoja, Tufike Wote

Watu wengi wakisikia kwamba wenye motokaa wamekusanyika ili kutembea tu, bila mzigo wala abiria wa kulipa, husema hayo ni mambo ya matajiri wasio na kazi. Mimi sioni hivyo. Mtu anayekipenda chombo chake hutamani kukaa na wenzake wenye chombo kama hicho, wakifundishana namna ya kukitunza, na kuitazama nchi aliyoiumba Mungu.

Mwezi wa Oktoba 2024 jambo hilo lilifanyika katika nchi yetu wenyewe. Wenye Land Rover walikusanyika Arusha, wakaziendesha kwa msururu mrefu. Walitaka kuwapita Wajerumani, ambao mwaka 2018 walipanga msururu wa Land Rover 632. Motokaa hii ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Vita Kuu ilikuwa imekwisha karibuni, chuma kilikuwa adimu, na kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa alumini. Wazee wetu waliijua vizuri. Iliwabeba mapadre kwenda vigangoni, wagonjwa kwenda hospitali, na saruji ya kujengea makanisa. Chombo kilichofanya kazi hiyo chastahili nacho siku yake ya kushangiliwa.

Matembezi ya namna hii si mashindano. Mashindano tunayajua katika Afrika ya Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilifanywa siku za Pasaka. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa 7 tu zilizofika mwisho. Nyingine zilishindwa njiani. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Twawasifu kwa ustadi wao. Lakini katika mashindano aliyekwama huachwa nyuma. Katika matembezi ya kundi sheria ni nyingine: wa mbele hutazama nyuma, na motokaa moja ikikwama zote husimama, kamba hutolewa, na mwenye vipuri humpa asiye navyo. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa mwisho. Je, si hivyo hata familia inavyopaswa kwenda?

Huku kwetu Rulenge wenye motokaa ni wachache, lakini pikipiki ni nyingi. Vijana wetu nao hupenda kwenda kwa kundi, hasa siku za harusi na za kumpokea Askofu. Wanapoanza kushindana kwenye miteremko, hapo moyo wangu hushtuka. Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Kalamu huwa nzito ninapoandika jina la kijana aliyeuawa na mwendo wa kasi, hali wino wa ubatizo wake bado haujafifia. Tena barabara si yake peke yake. Ni ya mama mwenye ndoo kichwani, ya watoto wa shule, na ya wazee waendao Misa.

Basi nina shauri. Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, hukumbukwa tarehe 25 Julai. Yasimuliwa kwamba alimvusha Mtoto Yesu mtoni akiwa mabegani mwake. Siku hiyo wenye pikipiki, baiskeli na motokaa wangeweza kuleta vyombo vyao vibarikiwe baada ya Misa, kisha waende pamoja hadi Rusumo, wakatazame maporomoko ya mto Kagera, karibu na mahali Ruvubu unapokutana na maji yatokayo Rwanda. Wengi wetu twaishi karibu na uzuri huo wala hatujauona.

Kila mwendeshaji na abiria wa pikipiki avae kofia ngumu. Pombe isiwepo. Mtu asimpite kiongozi. Wazazi nao wawaonye watoto wasikimbilie barabarani kushangaa. Tena achaguliwe mtu mzima mtulivu wa kukaa nyuma kabisa, ili asiachwe hata mmoja.

Jioni wahesabiwe mbele ya kanisa. Wakiwa wametimia, basi wote wameshinda.