MCHIZI WA JANGWANI NA UPINDE ULIOMVUNJIKIA MBELE YA KAMERA

Kuna mchizi mmoja wa Jangwani, jina kapuni, mtaa mzima ulimjua kwa klipu fupi tu: anavuta upinde wa mbao aliouchonga mwenyewe, paa! unakatika vipande viwili, yeye chini. Aliyerekodi ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Klipu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Kariakoo anakouza mitumba. Akikatiza Mtaa wa Kongo: "Oya Robin Hood!" Akawa anapita uchochoroni.

Upinde ulikatika kwa sababu aliokota mbao ya paini kwenye paleti, akaipiga randa unene mmoja mwanzo mwisho, halafu siku hiyo hiyo akavuta mpaka sikioni. Nyuzi za ile mbao zilikuwa zinatokea pembeni, haziendi urefu wote. Lazima ikatike.

Aliyemfungua macho ni mzee mpangaji mwenzao, mtu wa Singida.

"Mjukuu wangu, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi hawatumii mbao ya dukani. Wanakata mti, wanauchonga, wanaupasha moto wanyooshe. Ugwe wanasokota mishipa ya mnyama. Wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

"Babu, nilitaka kuona unavyoruka tu."

Mzee akamwagizia mti wa mkole, ukaja na basi. Dogo akautoa maganda, akapaka gundi kwenye ncha usipasuke, akauacha kivulini miezi miwili. Safari hii upande unaotazama shabaha hakuugusa kabisa. Akakwangua wa ndani tu, kwa tupa na kipande cha kioo, katikati pakabaki panene, ncha nyembamba. Anakwangua kidogo, anaupinda kidogo, anaangalia. Palipo pagumu anapunguza, panapopinda sana anaacha. Mkono wa chini ulikuwa mgumu, ukamla siku tatu. Kamba ya nailoni nayo ilikuwa inavutika, akaitupa, akasokota uzi wa kushonea viatu, akapaka nta.

Mshale wa kwanza ukazama kwenye gunia la mchanga, hatua 20.

Yule rafiki akatokea, simu mkononi kama kawaida. Jamaa akamwambia: "Weka simu mfukoni, shika huu." Akampa upinde avute. Samahani haikutamkwa, ila walipiga mishale mpaka giza likaingia.

Ile klipu ya zamani bado inazunguka. Ya siku hiyo haipo.

Wewe ungempa rafiki kama huyo upinde wako? Dondosha maoni yako hapo chini.