Shamba la Nani Hili?

Mwezi wa sita, kusi likishashika na bahari kuchafuka, ndege za watalii huadimika katika uwanja wa Moi, Mombasa. Wageni wengi hubaki kwao Ulaya kulifaidi jua lao. Sisi tuliokulia Magongo, jirani na uwanja huo, tulizoea kuwaona wakishuka watu waliokuja kutembea tu. Walipanda mabasi ya hoteli, wakapita mbele ya maduka yetu, wakashika njia ya Nyali au ya feri kwenda Diani. Tuliona ni jambo la kawaida kwamba kuna watu wa kutembea na watu wa kutazama wanaotembea.

Safari hii aliyetembea ni sahibu yangu wa huko huko Magongo, fundi wa mafriji, tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Alikuja Trondheim, mji wa Norwei ninakoishi na kufanya kazi, nami nikachukua likizo ili tuione kaskazini pamoja. Kabla ya kupanda ndege alikuwa amekwisha kuthibitisha mambo mengi: barua ya mwaliko, barua ya kazi, hesabu zake za benki, bima ya afya ya euro 30,000, ada ya euro 90, kisha safari ya Nairobi kwenda kuweka alama za vidole. Yote hayo kwa viza isiyozidi siku 90. Norwei ilimchunguza sana mlangoni. Alipokwisha kuingia, ilimwachia nchi nzima.

Tulipanda treni ya kwenda Bodø, kilomita 729 kutoka Trondheim, reli iliyomalizika mwaka 1962. Katika nyanda za Saltfjellet treni huvuka Mzingo wa Aktiki, na hapo theluji ilikuwa bado imelala kando ya reli ingawa bondeni majani yalikwisha kuchanua. Kutoka Bodø tukachukua feri hadi visiwa vya Lofoten. Kilichomkaribisha sahibu yangu huko ni harufu. Kwenye vichanja vya mbao, virefu kama mapaa ya maghala, walitundikwa samaki wa torsk, wawili wawili, wamefungwa mikia. Hutundikwa tangu Februari bila chumvi hata chembe, wakaachiwa upepo na baridi, na ikifika Juni huteremshwa wakiwa wakavu kabisa. Wengi huuzwa Italia, na vichwa vyao husafirishwa hadi Nigeria, vikaingia kwenye mchuzi. Alishika kichwa kimoja, akakigonga kwa ukucha, akasema, “Yakhe, hii ni ng'onda.” Tangu hapo hakujiona mgeni tena.

Jioni, ikiwa jioni ni neno la kutumia mahali ambapo jua halitui tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, tulipanda kilima juu ya ziwa, karibu na kijiji cha Å, barabara inapoishia. Nilimwonyesha mahali pa kusimika hema. Akasimama, akatazama kibanda kimoja chekundu kule chini, akauliza, “Shamba la nani hili?”

Nilimwambia huenda ni la mtu, huenda ni la kijiji. Hakuridhika. Alitaka kuswali, na alijifunza madrasa kwamba ardhi ya kunyang'anya si mahali pa kutandika mswala. Wanazuoni wameijadili sana sala inayoswaliwa juu ya ardhi iliyoghusubiwa, na wapo walioona haisihi. Ndipo nikamweleza sheria.

Tarehe 28 Juni 1957 Norwei iliandika katika sheria desturi yake ya zamani: kila mtu, raia au mgeni, anaruhusiwa kupita kwa miguu, kupumzika na kulala katika ardhi isiyolimwa wala kuwa ua wa nyumba, hata kama ina mwenyewe. Hema isisimikwe chini ya mita 150 kutoka nyumba ya watu. Usikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila idhini, isipokuwa juu milimani au mbali na makazi. Kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba usiwashe moto msituni wala karibu na msitu. Na ukiondoka, pawe kama ulivyopakuta. Mwenye ardhi anabaki na hati yake, mbao zake na malisho yake. Asichoweza ni kumfukuza mpita njia mwenye adabu.

Sahibu yangu alishuka hadi kwenye kibanda, akapanda akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika mia mbili akasimama, akaongeza ishirini nyingine kwa tahadhari. Kisha akatandika mswala. Kuhusu wakati hakukuwa na ugumu, kwa kuwa Waislamu wa kaskazini wamekwisha kukabiliana na jua lisilotua. Katika Ramadhani za Juni mwaka 2015 na 2016 wengi wao kule Tromsø walifunga na kufungua kwa saa za Makka. Kilichomtuliza zaidi ni ile ardhi yenyewe, kwamba alikuwa juu yake kwa haki, si kwa kujificha.

Usiku huo hatukulala sana, maana lile swali lake liliturudisha kwetu. Mombasa, swali la shamba la nani si la udadisi. Nyumba ya mama yangu ni nyumba bila ardhi, kama tunavyosema. Kuta na mabati ni yake, na udongo ulio chini ni wa mwingine, anayelipwa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mpangilio huu una mizizi mirefu. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi mbele ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima bila karatasi waliachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Hadi leo Likoni, Kisauni na Changamwe zina familia za vizazi vingi ambazo kisheria ni wapangaji au maskwota.

Hata maji tumewekwa mbali nayo. Magongo iko karibu na hori la Port Reitz, lililopewa jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824 na kufariki mwaka huo huo. Alikaa miezi michache, jina lake limekaa karne mbili. Mtoto wa leo akitaka kuyafikia maji ya hori hilo atakutana na yadi za makontena, matangi ya mafuta na maghala. Upande wa bahari kuu kuna kuta za hoteli na nyumba za watu binafsi, ndiyo maana siku ya Idi nusu ya Mombasa hujazana katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo mchanga ni wetu. Kinachokosekana ni njia ya kuufikia.

Sidai kwamba tuichukue sheria ya Norwei nzima nzima. Ile ni nchi ya watu milioni tano na nusu hivi wenye milima isiyo na mwisho, na kaunti ya Mombasa ilihesabu watu 1,208,333 mwaka 2019 katika eneo la kilomita za mraba zisizofika 230. Hata Lofoten, wageni walipozidi, baadhi ya halmashauri zimepiga marufuku hema sehemu fulani. Wala Norwei haijamtendea haki kila mwenye ardhi. Ng'ambo ya ghuba kutoka Trondheim, kule Fosen, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2021 kwamba leseni za mitambo ya upepo zilivunja haki za Wasami wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama.

Na kuna kipimo ambacho Magongo inashinda. Huku ninapoishi sheria imefungua milima, na mlango wa jirani unahitaji miadi. Nimeishi na watu wema wanaonisalimu ngazini kila siku bila kujua sebule yangu ikoje. Kwa mama, anayebisha hodi wakati wa chakula huongezewa sahani, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi kabla hajanawa mikono. Nikipima makazi yangu mawili naona kila upande umeufungua mlango ambao upande wa pili umeufunga. Ule wetu hauhitaji bunge, tumeurithi. Ule wao tunaweza kuupata, kwa kuwa njia ya kupita hailazimishi mtu kutoa shamba lake.

Hapa wa kusemwa kwanza ni sisi wa ughaibuni. Fedha tunazotuma hununua viwanja Mtwapa, Shelly Beach na Kikambala, na kazi ya kwanza tunayomwagiza fundi ni ukuta. Mara nyingi ukuta huo hupita juu ya kijia walichokitumia wavuvi na watoto kabla sisi hatujazaliwa. Tunafanya hivyo tukitoka nchi ambako Jumapili nzima tumetembea juu ya ardhi za watu bila kuulizwa kitu. Aliyefaidi haki ya njia kwa jirani hana udhuru wa kuiziba kwao.

Basi kabla ya kutuma fedha za mawe na saruji, tumpigie mzee wa mtaa tumuulize watu hupitia wapi kwenda baharini. Tumwambie fundi aache upana wa watu wawili na mtumbwi wao. Na kaunti izichore njia hizo kwenye ramani, iziwekee vibao, na imshtaki anayeziziba, hata akiwa ametuma fedha zake kutoka Trondheim.