Baba alimwambia binti yake hana sikio

Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Huna sikio." Baba alilisema jioni moja ya Juni, Njombe, mkono wake ukiwa bado juu ya kinanda cha kwaya. Binti, wa kidato cha pili, akaitoa klarineti mdomoni, akaifungua vipande vyake vitano, akavipanga kwenye sanduku na kulisukuma uvunguni mwa kitanda. Likakaa huko wiki tatu.

Baba huyu amefundisha kwaya miaka mingi, na katika mambo ya sauti hajazoea kupingwa. Klarineti hiyo, ya plastiki na ya mtumba, ililetwa na mjomba wa binti kutoka Dar es Salaam, na baba alifurahi kuliko hata mwenyewe aliyeletewa. Kila jioni alikaa kwenye kinanda akabonyeza C, naye binti akapiga C kama kitabu cha mazoezi kinavyoonyesha. Sauti zikagombana.

"Panda!" Binti akabana mwanzi kwa midomo mpaka ikamuuma, na bado hakufika.

"Puliza kwa nguvu!" Akapuliza. Sauti ikazidi kushuka.

"Baba, haviendani," alisema, tena zaidi ya mara moja.

"Kinanda hakikosei."

Aliyeligundua sanduku uvunguni, limejaa vumbi, ni mama. Hakugombana na mtu. Alimwambia mumewe tu kwamba siku hizi mtoto haimbi hata akiosha vyombo. Hilo lilimwingia.

Usiku huo baba akashika simu, akitafuta namna ya kumfundisha mtoto asiye na sikio. Alichokuta ni kwamba klarineti ya kawaida ni ya B-flati: noti inayoandikwa C kwenye karatasi yake husikika B-flati, toni nzima chini ya C ya kinanda. Wala si kasoro. Anayeandika muziki ndiye huzipandisha noti za klarineti kwenye karatasi ili zikutane na za vyombo vingine. Mtu aliyekulia kwenye do-re-mi, ambako do huhama na wimbo, angeweza kulikisia hili mapema, lakini kinanda kilikuwa kimemzoesha kuamini herufi. Jioni zote zile wawili hawa walipiga noti mbili tofauti zenye jina moja, na aliyesikia kwamba haviendani alikuwa binti.

Kesho yake alikwenda kwa mzee jirani, mstaafu wa bendi ya polisi. Mzee alicheka kwanza, kisha akauliza mazoezi yanafanyika saa ngapi. Aliposikia ni jioni, na baridi ya Juni inavyojulikana, akatikisa kichwa.

Hewa ikiwa nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ikiwa nyuzi 10, ni mita 337 hivi. Kwa hiyo klarineti iliyotoka tu kwenye sanduku la baridi huanza chini, kisha hupanda kadiri pumzi inavyoipasha joto. Kinanda cha umeme hakijui baridi. Anayelinganisha sauti haraka, kabla klarineti haijapata joto, baadaye hujikuta yuko juu ya wenzake. Hapo dawa ni kukivuta kidogo, hata milimita moja, kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo, ili bomba lirefuke.

Kuhusu kupuliza kwa nguvu mzee hakumwonea haya. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu huelekea kushuka, ikipulizwa taratibu hupanda. Filimbi ndiyo hufanya kinyume. Amri ya baba ilikuwa ikimzamisha mtoto.

Kisha akamweleza jambo ambalo lilimkalisha mwalimu wa kwaya mpaka chai ikapoa. Filimbi ikizidishiwa pumzi huruka kutoka do hadi do ya juu. Klarineti, kwa kuwa bomba lake lina upana karibu ule ule mwanzo hadi mwisho na limezibwa upande wa mdomo, ukibonyeza kitufe cha gumba huipita do ya juu na kutua kwenye sol. Tundu dogo la kitufe hicho linahudumia noti nyingi, na hakuna mahali panapozifaa zote. Ndiyo maana hata klarineti ya bei kubwa, iliyochongwa kwa mpingo wa Tanzania au Msumbiji, ina noti zake za kuchungwa, na mpigaji huzirekebisha kwa midomo na vidole huku akisikiliza. Wanaolipwa kwa kazi hiyo nao hufanya hivyo kila siku.

Jumamosi asubuhi baba alilivuta sanduku mwenyewe, akalifuta vumbi.

"Mwanangu, nilikosea. Ulisema haviendani, na ni kweli havikuwa vinaendana."

Binti hakujibu. Aliunganisha vipande kimoja kimoja, akalowesha mwanzi kwa ulimi.

"Wewe piga D," baba akasema, "mimi nitapiga C."

Akapiga. Sauti zilikaribiana, hazikukutana. Neno "panda" lilikuwa limeshamfika baba mdomoni.

"Iko chini kidogo," binti akasema. "Subiri ipate joto."

Akaziba matundu kwa vidole, akawa anapitisha pumzi ndani pasipo kutoa sauti. Baba akaondoa mkono kwenye kinanda, akafunga vifungo vya koti, akasubiri.